Maji ya Ihoma Hayanijui

Jumanne, 21 Machi 1995

Asubuhi mawingu mazito upande wa ziwani, hakuna upepo, matone machache saa moja kasoro robo. Mvua ya jana: milimita kumi na moja.

Naendelea kupima, ijapokuwa kiwanda cha pamba kimefungwa na hakuna anayesubiri takwimu zangu. Siku tulipopunguzwa kazini niliomba nipewe kile kipima mvua. Mtunza stoo akaniambia, "Chukua, Modesta. Nani atapima mvua ya pamba isiyonunuliwa?" Kipo uani juu ya nguzo, na mama amekizungushia miiba kuku wasikisogelee.

Leo nimepata kazi. Bwana Abdillah wa Mirongo, mwenye duka la nyavu, amenunua mitumbwi miwili ya ajabu kwa mwalimu Mjerumani aliyerudi kwao. Ni ya turubai na fito za mbao. Inakunjwa, inaingia kwenye mabegi, inabebwa mgongoni. Binti yake Yasmin, aliyesomea utalii Arusha, anataka kufungua safari za wageni: watembee msituni na mizigo yao, wakifika ufukweni waunde mitumbwi na kupiga kasia. Lakini kwanza njia ipitwe na iandikwe, kila kambi na kila saa. Mwandishi ndiye mimi. Baba yake amempa masika haya tu. Asipoleta daftari la njia kabla ya Idd Kubwa, mitumbwi itauzwa, na chumba anachotaka kiwe ofisi kitajazwa mabondo, vile vibofu vya sangara anavyouza baba yake.

"Dada Modesta, unajua kuogelea?" aliniuliza.

"Hapana."

"Hata mimi. Basi tutazama kwa mpangilio, wewe ukiandika saa."

Nilicheka, ila kuna jambo sikumwambia. Mimi ni pacha. Jina langu la kuzaliwa ni Doto. Mwenzangu Kulwa alifariki tukiwa na miaka minne, na tangu hapo jina lake halitajwi nyumbani, na langu limefunikwa na la ubatizo. Mama hakunikataza mambo mengi maishani. Moja alilikataza bila kueleza: nisipande chombo cha majini. Nina miaka ishirini na tisa. Nimekua nikiliona ziwa kutoka kwenye mawe ya Mkolani, na sijawahi kulivuka.

Nimemwambia mama kwamba kazi iko Usagara. Usagara ni njia panda, nitapita. Kwa hiyo si uongo mtupu.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri, milimita thelathini na nne. Mama ameniuliza mara mbili Usagara nitalala kwa nani.

Jumapili, 2 Aprili

Jua mpaka saa sita, kisha ngurumo. Milimita nane.

Baada ya ibada nilikwenda Mirongo. Tumejifunza kuunda mitumbwi uani kwa Bwana Abdillah. Fito hamsini na mbili kwa kila mmoja, nimezihesabu na kuzipa namba kwa rangi ya kucha ya Yasmin. Ukimaliza, kitu kilichokuwa furushi kinakuwa samaki mwembamba mwenye matundu mawili ya kukalia. Kasia lake lina jani kila upande. Tukaketi ndani, juu ya sakafu, tukapiga kasia hewani. Majirani walijaa ukutani.

"Mnakwenda Bukoba?" mmoja aliuliza. "Mnisalimie!"

"Mbona hamsogei?" akadakia mwingine. "Nanga hamjang'oa!"

Bwana Abdillah alitoka dukani, akatutazama. "Yasmin, mwanangu," akasema taratibu, "mabondo hayachekwi na mtu." Akarudi ndani. Yasmin aliendelea kupiga kasia hewani.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili

Manyunyu. Milimita tatu.

Mama amenifungia mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kutosha mwezi mzima. "Usagara hakuna viazi?" nilimtania. Hakucheka. Akasema, "Popote utakapokuwa, ule." Nimepekua sana neno hilo "popote".

Jumanne, 18 Aprili

Nimevuka kwa kivuko cha Busisi. Nilishika chuma kwa mikono miwili. Maji ni ya kijani, si ya buluu kama yanavyoonekana kutoka Mkolani. Dakika ishirini na tano. Hakuna kilichotokea.

Jumatano, 19 Aprili. Kahunda

Asubuhi ukungu, kisha jua kali. Kopo nililolitia alama za milimita kwa ajili ya safari halina kitu.

Tumekutana na wenzetu wawili. Wa kwanza ni Chenge, aliyekuwa bwana miti wa serikali mpaka alipopunguzwa kama mimi. Anajua majina ya miti kwa lugha nne na anaimba akitembea. Wa pili ni mzee Luhaga, mpiga kasia, baba Msukuma na mama Mzinza, umri wake kama sitini. Tulimkuta amelala ndani ya mtumbwi wake uliotoboka, ananuka gongo. Nimejiuliza kwa nini Yasmin amemchagua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyinyi ndio wenye mitumbwi ya kushonwa?" Akaigusa turubai kama anayegusa tumbo la ng'ombe anayempa wasiwasi. "Hii ni suruali, si mtumbwi. Na kasia lenu lina majani mawili. Hivi mzungu anakwenda na kurudi kwa wakati mmoja?"

Hata hivyo aliingia, akazunguka mwalo mzima wanapopaki wavuvi, akarudi. Akasema tu, "Inasikia." Kisha akatupanga. Yasmin na Chenge katika mmoja, mimi na yeye katika wa pili.

Kabla hatujafungua mizigo akasimama mbele yetu, uso umebadilika, hana utani. "Kesho tunakwenda kisiwa cha Ihoma. Nauliza mara moja kama baba yangu alivyouliza watu wake. Humu kuna mtu ambaye ziwa halimjui? Kuna mabasa?"

"Mabasa ni nini?" Yasmin akauliza.

"Mapacha," Chenge akamjibu. "Pacha, au mama wa mapacha, akivuka maji makubwa mara ya kwanza, anayasalimia. Anachukua maji mdomoni, anayatema kulia na kushoto, anasema jina lake na la mwenzake. La sivyo maji yanamwona mgeni aliyepita mlangoni bila hodi."

"Jamani, vizuri!" Yasmin akasema. "Dada Modesta, liandike hilo, wageni watalipenda."

Nikaandika. Mkono wangu uliandika neno "pacha" na mdomo wangu ukanyamaza. Niliona aibu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, ni mwanakwaya, nimekuja kama mwandishi, nikajiona nikitema mate majini mbele ya binti wa Arusha. Mzee Luhaga alitutazama mmoja mmoja. Kwangu alikaa kidogo. Kisha akasema, "Vema," akaenda zake.

Alhamisi, 20 Aprili. Ihoma, ncha ya mashariki

Tuliondoka saa kumi na mbili kamili. Ziwa limetulia kama kioo. Tulifika saa mbili na nusu.

Sijui niandikeje. Nilidhani nitaogopa. Unakaa chini kabisa, makalio yako yako chini ya usawa wa maji, na turubai ni nyembamba kiasi kwamba ziwa linapumua kwenye mapaja yako. Ukichovya kasia, tone linalobaki ncha ya pili linakudondokea begani. Katikati ya mlango wa maji, nguzo ya moshi ilisimama upande wa kaskazini, ndefu kuliko kilima chochote, na nikadhani meli inaungua. Mzee Luhaga akasema ni vijidudu vya ziwa, wanazaliwa na kupanda wote kwa pamoja. Nguzo ile ilitembea juu ya maji kwa miguu yake, ikainama, ikapotea. Mbayuwayu waliifuata kwa mamia.

Nilitaka kumwuliza Mungu kwa nini alinificha haya miaka ishirini na tisa, nikakumbuka kwamba si Mungu aliyenificha.

Ijumaa, 21 Aprili. Msituni

Mvua tangu saa saba. Milimita arobaini na moja kwa kopo la safari.

Kisiwa ni kirefu kama kidole, na msitu umekifunika chote mpaka majini. Tunatembea kwenda ncha ya magharibi, siku tatu, mitumbwi imekunjwa migongoni. Mzee Luhaga amebeba begi zito kuliko wote, pekupeku. Chenge anaimba mbele na panga.

Kuna miti yenye mizizi kama kuta. Nyuma ya mzizi mmoja tulipika na kulala wote wanne bila kuonana na upepo. Nimegundua kwamba mvua ina ghorofa mbili. Kwanza inasikika juu, kwenye majani, kama watu wanaopiga makofi kanisa la jirani. Chini ni kukavu. Nimepima kwa saa: dakika nne baadaye ndipo tone la kwanza linatufikia. Ikikatika juu, chini inaendelea nusu saa nzima. Mzee Luhaga aliniona nikitazama saa na kutazama juu.

"Unafanya nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akasimama, akasikiliza zote mbili, mvua ya juu na mvua ya chini. "Miaka sitini," akasema, "nami nilidhani ni mvua moja."

Jumamosi, 22 Aprili

Milimita hamsini na tatu. Tumetembea kilomita sita tu. Mbega walitufuata juu ya miti asubuhi nzima, weupe na weusi, mikia kama taulo. Yasmin ameanguka mtoni mara tatu na mara ya tatu akabaki ameketi, akisema hiyo sasa ndiyo ofisi yake.

Jumapili, 23 Aprili. Ncha ya magharibi

Msitu uliisha ghafla, tukatokea kwenye mwanga. Ghuba ya mchanga mweupe, mwalo wa wavuvi usio na mtu. Wamehama mpaka masika yaishe. Wameacha vibanda viwili na vichanja vya dagaa. Ng'ambo, wazi kabisa, bara: mabati yanang'aa, ndiyo zahanati, kasema mzee. Mwendo wa saa moja na nusu kwa kasia. Kesho tutavuka na daftari litakuwa limekamilika.

Jioni fisi maji wawili walikuja mbele yetu, wakapinduka chali, wakala samaki juu ya matumbo yao wakitutazama kana kwamba sisi ndio tamasha. Wanakwenda wawili wawili, Chenge kasema. Niliinuka nikaenda kuokota kuni.

Jumatatu, 24 Aprili

Tuliondoka saa kumi na mbili. Tulirudi saa moja kasoro. Upepo wa mashariki, mawimbi yanavunjika juu ya turubai. Milimita kumi na tisa.

Jumanne, 25 Aprili

Tuliondoka saa kumi na mbili. Tulirudi saa kumi na mbili na nusu. Milimita ishirini na mbili.

Jumatano, 26 Aprili

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu. Radi ilipiga maji kushoto kwetu, nikaona ziwa jeupe mpaka chini. Tulirudi. Mtumbwi wa Yasmin ulijaa maji, Chenge akaumwaga kwa sufuria ya ugali.

Mzee Luhaga hakula mchana. Aliketi akitazama maji. Nilimsikia akimwambia Chenge, "Si upepo tu. Tunabisha hodi kwenye nyumba ambayo mmoja wetu amejificha nyuma ya mwenzake."

Chenge akajibu, "Mzee, ni masika."

"Ni masika. Nimevuka masika arobaini."

Nilikuwa nasuka kamba hatua tano kutoka pale. Sikuinua uso. Najua upepo hautoki kwa mtu. Nilisoma jiografia, nchi kavu na maji, joto na baridi. Najua hivyo asubuhi, najua hivyo mchana. Lakini kila tukirudi namwona yule mzee, niliyemdhani mlevi, akikagua kila fito ya kila mtumbwi, akijiuliza yeye kakosea wapi. Nami ninajua anachokitafuta kiko wapi.

Alhamisi, 27 Aprili

Yasmin ana homa. Amekunywa klorokwini vidonge vinne. Hatukujaribu kutoka.

Ijumaa, 28 Aprili

Milimita sitini na moja, kubwa kuliko zote nilizopima msimu huu.

Amevitapika vidonge vyote. Tulijaribu saa kumi na mbili, tukamfunga Yasmin mbele ya Chenge kwa kanga. Wimbi la pili liliwapindua, wakiwa bado kwenye maji ya kiuno. Mzee Luhaga aliruka na nguo, akamshika Yasmin nywele akamtoa. Baada ya hapo Yasmin alitetemeka mpaka meno yakagongana kama njugu.

Kurudi kwa miguu ni siku tatu na mgonjwa hawezi kusimama. Michembe imebaki viganja sita. Jioni Yasmin alinitazama, akaniita mama. "Mama, mwambie baba asiiuze mitumbwi." Kisha akaongea na watu wasiokuwepo.

Mungu wangu, tupe kesho.

Jumamosi, 29 Aprili. Naandika Jumapili asubuhi, ng'ambo

Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili asubuhi upepo ulikuwa uleule. Mzee Luhaga alisimama majini mpaka magotini, akarudi. Yasmin hakuwa akitujua tena. Chenge alimkanda kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu Kahunda hakuimba.

Nilikaa na daftari kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Tangu tufike Kahunda nimeandika upepo mara nne kwa siku, kama kiwandani: asubuhi, saa sita, saa kumi, jioni. Nikazisoma safu, moja baada ya nyingine. Siku kumi. Alfajiri, tangu tufike ncha hii: mashariki, kali. Alfajiri: mashariki, kali. Kisha nikasoma safu ya saa kumi, ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Imetulia. Imetulia. Imetulia baada ya mvua. Siku nane kati ya kumi, mvua ya mchana ilipokatika, ziwa lililala mpaka karibu na machweo.

Nikampelekea mzee. Hasomi, nikamchorea mchangani: mstari kwa upepo, duara kwa utulivu.

"Alasiri?" akasema. "Hakuna mtu anayevuka alasiri. Tunaondoka alfajiri. Baba yangu aliondoka alfajiri."

"Ndiyo, mzee. Lakini masika haya alfajiri ni mbaya. Tazama maduara."

Aliniuliza siku ya kwanza ni ipi, nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya kila duara, na kila kidole kiliposhuka alikumbuka. "Siku ile tulikuwa tunakausha nguo. Ndiyo. Na hii ndiyo ya fisi maji. Ndiyo, yalikuwa yametulia." Akainua uso. "Nilikuwa nayatazama maji asubuhi, nikishakasirika nayapa mgongo. Wewe ulikuwa unayatazama wakati nimelala."

Akawaambia wote tuunde mitumbwi, tusubiri mvua ya mchana ije na ipite. Ilikuja saa saba na nusu. Ilikatika saa tisa na dakika ishirini. Na ziwa likaanza kulala, wimbi juu ya wimbi, kama mtoto anayeacha kulia.

Tulimlaza Yasmin kwenye mtumbwi wa Chenge. Nikaketi mtumbwini, nikashika kasia. Mzee Luhaga alikuwa bado amesimama nchi kavu. Hakupandisha sauti.

"Nimekubali saa yako, mwanangu. Sasa nijibu mimi. Humu kuna mtu ambaye ziwa halimjui?"

Ningeweza kunyamaza tena. Nadhani angevuka tu, kwa ajili ya Yasmin. Lakini angepiga kasia akiwa na mashaka mgongoni, na mimi ndiye niliyeyaweka pale. Alikuwa ameamini safu ya daftari asiyoweza kuisoma.

"Mimi," nikasema. "Mimi ni Doto."

Chenge akageuka. Mzee hakushangaa. "Na Kulwa?"

"Alifariki. Tulikuwa na miaka minne. Nyumbani hatumtaji."

"Ndiyo maana ulikuwa mzito," akasema kwa upole. "Nilidhani ni begi. Shuka, mama. Mtaje."

Niliingia majini mpaka kiunoni. Nikachota kwa kiganja, nikatia mdomoni. Maji ya ziwa yana ladha ya jani na chuma. Nikatema kulia, nikatema kushoto. Sikuwa nimewahi kulisema jina lile kwa sauti tangu nijue kusema vizuri, na lilitoka kama jina la mtu anayeitwa aje kula.

"Nene Doto," nikasema kwa Kisukuma, yaani mimi Doto. "Niko na Kulwa. Tunapita."

Hakuna kilichotokea. Mvua ilidondoka kutoka kwenye miti. Saa yangu ilisema saa tisa na dakika arobaini. Mzee Luhaga akaingia mtumbwini, akatema mate mikononi akayasugua. "Twende," akasema, na tulikwenda.

Ninayoandika sasa Chenge ni shahidi wake. Tulipofika theluthi ya njia, kisiwa kilikuja. Si Ihoma, kisiwa kingine, kinachotembea. Magugu maji yaliyokamatana na mafunjo, yamekatika sehemu fulani kwa mafuriko, marefu pengine nusu kilomita, yote yamechanua zambarau. Yalipita mbele yetu polepole kuelekea bara. Juu yake yangeyange walisimama mistari, na katikati, miguu imezama mpaka magotini, nzohe jike, yule swala wa mabwawani, alikuwa anakula. Aliinua kichwa, akatutazama, akaendelea kula. Alikuwa anasafiri.

Hatukupiga kasia. Hata mzee alisimamisha lake. "Haya sijayaona," akanong'ona. "Mimi Luhaga, haya sijayaona."

Kisha upepo ukaanza kuamka nyuma yetu, mapema kuliko maduara yangu yalivyosema. Maduara yangu yalikosea kwa karibu saa mbili. Mzee akapiga kelele: "Nyuma yake! Ingieni nyuma yake!" Tukakimbiza mitumbwi mpaka upande wa pili wa kile kisiwa cha maua, na pale mawimbi yalikufa, yakanyonywa na mizizi. Tulisafiri kwenye kivuli chake karibu saa nzima, tukiwa tumeshika mashina, na maua yakitugusa nyuso. Yasmin alifumbua macho. "Tumeshafika peponi?" akauliza. Chenge akamwambia bado, hapa ni wilayani kwetu tu. Akafumba tena, lakini alikuwa ametabasamu.

Tuligusa nchi kavu saa kumi na moja na dakika tano. Mzee Luhaga alimbeba Yasmin mgongoni mpaka zahanati, akikimbia, yule mzee niliyemwandika kwamba ananuka gongo.

Jumatatu, 1 Mei

Dripu ya kwinini ya tatu. Yasmin ametukana chai ya zahanati. Atapona. Milimita tano.

Jumatano, 3 Mei

Tumeagana na mzee Luhaga. Nilimwuliza kama ni salamu ndiyo iliyotuvusha.

"Daftari lako lilijua saa," akasema. "Salamu ilikufanya uwe mwepesi. Mtumbwi unataka vyote viwili." Kisha akaniomba nimchoree maduara kwenye kipande cha boksi. Atakitundika ndani ya nyumba. "Ila usimwambie baba yangu," akasema, na baba yake ana miaka thelathini kaburini.

Jumamosi, 6 Mei. Mirongo

Jua. Kipimo hakina kitu.

Bwana Abdillah amesoma daftari la njia lote, amesimama, miwani puani. Yasmin aliketi amejifunika shuka, amekonda kama fito zetu. Baba yake alifika ukurasa wa ncha ya magharibi, akasoma kwa sauti: "'Vuka baada ya mvua ya mchana kukatika, si alfajiri. Kabla ya kuondoka, kila msafiri aulizwe kama ni pacha, na apewe muda.'" Akashusha miwani. "Na hii nayo ni ya wageni?"

"Hiyo hasa, baba," Yasmin akasema.

Alifunga daftari, akalipapasa jalada lililovimba kwa maji. "Mabondo yanaweza kukaa stoo," akasema, akaingia kuswali.

Jumapili, 7 Mei. Mkolani

Asubuhi nyeupe, hakuna upepo. Mchana mvua, milimita kumi na nne. Kumbe mama alipima siku zote nilizokuwa sipo. Hajui kusoma milimita, ameweka alama za mkaa ukutani, mstari kwa kila siku, mrefu na mfupi. Nimezihesabu: siku kumi na tisa, hakuruka hata moja.

Nilimkuta anachambua mchele. Nilipiga magoti nikamwamkia, kisha nikasema kabla sijaketi, "Mama, sikuwa Usagara. Nilikuwa ziwani."

Hakuinua uso. Vidole viliendelea. "Nilijua. Usagara hapahitaji michembe ya mwezi." Kisha akasema, "Ulinyamaza?"

Sikuelewa. Ndipo akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu miaka ishirini na mitano. Mwaka sabini alivuka kwenda Ukerewe na sisi wawili. Alikuwa amebatizwa mwezi mmoja tu. Katekista alikuwa ndani ya chombo hichohicho, ameketi mbele yake. Mwenye chombo akauliza kama kuna mabasa. "Nilikuwa nimewapakata nyote wawili chini ya kanga moja," mama akasema. "Nikaona aibu mbele ya katekista. Nikanyamaza. Wiki iliyofuata Kulwa alishikwa na kifua."

"Mama, ilikuwa homa ya mapafu. Ni masika."

"Najua ilikuwa masika," akasema, kwa sauti ileile ya mzee Luhaga. "Lakini nilinyamaza."

Nikamwambia nami nilinyamaza siku kumi, kwa aibu ileile, ila ya watu wa Arusha. Nikamsimulia yote: maduara, swali, maji mdomoni, kisiwa cha maua, nzohe. Aliacha kuchambua.

"Ulimtaja kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama. Niko na Kulwa, nilisema."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika arobaini."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayewekewa kitu mkononi. Akauchukua mfuko wangu, akaukung'uta, kikadondoka kipande kimoja cha michembe kilichobaki. Alikishika.

"Kulwa alikuwa hapendi michembe," mama akasema. "Alikuwa anakutilia wewe ya kwake mdomoni."

Alikaa na kile kipande mpaka mvua ilipokatika. Kisha akanipa, nikakila.

Nimesoma kipimo, nimeandika milimita kumi na nne, nimechora mstari wa mkaa chini ya mistari yake. Mwili wote unauma, mabega hasa. Nalala sasa, saa kumi na mbili na robo jioni, kuku wakiwa bado nje.